Mchagua Jembe Si Mkulima? Kamera ya Filamu na Heshima ya Anayepigwa Picha

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii huwakejeli wanaoshinda wakilinganisha zana ilhali shamba limemezwa na magugu. Katika uwanja wa upigaji picha, methali hii ina wengi wa kuwalenga. Mara tu mtu anapovutiwa na kamera za filamu, huanza kuuliza ipi iliyo bora: Leica au Nikon, Rolleiflex au Hasselblad? Mjadala hurefuka, fedha zikapatikana, kamera ikanunuliwa, na picha zenyewe zisipigwe. Hata hivyo, methali hii ikichukuliwa juujuu inaweza kupotosha. Mkulima halichagui jembe kwa sifa za mhunzi aliyelifua, lakini hulichagua kwa udongo atakaoulima. Makala haya yanashikilia kuwa kamera ya kupendwa inafaa kuchaguliwa kwa kigezo kimoja kikuu, nacho ni uhusiano ambao kamera hiyo huujenga kati ya anayepiga picha na anayepigwa.

Mwanafunzi wa ushairi hatapata taabu kulielewa dai hili. Mtunzi anayechagua tarbia amekubali kufungwa na mishororo minne, vina na mizani, na kifungo hicho humfanya alipime kila neno kabla ya kuliweka. Kamera ya filamu nayo ina arudhi zake. Rolleiflex, iliyoanza kuuzwa mwaka 1929, hutoa picha 12 za mraba kwa filamu moja. Leica, iliyozinduliwa mjini Leipzig mwaka 1925 kutokana na ubunifu wa Oskar Barnack, ilitumia filamu ya milimita 35, na kwa muda mrefu picha 36 zimekuwa kipimo cha kawaida cha filamu hiyo. Kamera kubwa za studio hupokea kipande kimoja cha filamu kwa wakati mmoja. Anayechagua mojawapo ya kamera hizi anachagua pia mwendo wa kutazama.

Ushahidi ulio wazi unapatikana Bamako, nchini Mali. Seydou Keïta alijifunza useremala kwa babake kabla ya kuletewa na mjomba wake kamera ndogo aina ya Kodak Brownie mwaka 1935. Alipofungua studio yake mwaka 1948, aliitegemea kamera kubwa iliyotumia filamu za sentimita 13 kwa 18. Filamu ilikuwa ghali, kwa hivyo aghalabu alipiga picha moja tu kwa kila mteja. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kubahatisha, kazi kubwa ilifanywa kabla ya picha kupigwa. Keïta alipiga picha uani kwa mwanga wa jua, akatundika kitambaa cha maua nyuma ya mteja, akaupanga mkono na kuugeuza uso kidogo. Mteja aliyetaka saa, redio au suti ya kuazima aliipata. Matokeo yake ni watu wanaomkabili mtazamaji kwa utulivu wa mtu aliyeulizwa anataka kuonekana vipi. Unyimivu wa kamera ile ulizaa ukarimu wa mpigapicha.

Katika mji huohuo, Malick Sidibé alikabiliwa na udongo wa aina nyingine. Mali ilipata uhuru mwaka 1960, na vijana wa Bamako wakawa na sahani za santuri, suruali za mtindo mpya na hamu ya kucheza dansi hadi alfajiri. Kamera kubwa juu ya miguu mitatu isingeweza kuwafuata vijana hao. Sidibé alibeba kamera nyepesi yenye taa ya mmweko, akahama kutoka karamu moja hadi nyingine katika usiku mmoja, kisha akarudi studio kuosha filamu na kuzibandika picha ndogondogo ili wachezaji waje kujichagulia walizozitaka. Picha yake ya mwaka 1963 ya kaka na dada wakicheza dansi usiku wa Krismasi, vipaji vya nyuso vikikaribiana, imezunguka dunia nzima. Mwaka 2003 alikuwa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Hasselblad. Je, kati ya Keïta na Sidibé, nani alikuwa na kamera bora? Swali lenyewe halina mashiko. Kila mmoja alichagua zana iliyowafaa watu waliosimama mbele yake.

Aidha, umbo la kamera huamua adabu ya mwili. Anayetumia Rolleiflex huishika kifuani na kuinamisha kichwa ili atazame kioo kilicho juu yake. Kamera haiufuniki uso wake, na anayepigwa picha humwona mtu aliyeinama mbele yake mithili ya anayeamkia. Vivian Maier, yaya aliyefanya kazi Chicago kwa miaka mingi, aliitumia kamera ya aina hii kuwapiga picha watu wa mitaani, akaacha negativu zaidi ya 100,000 ambazo umma haukuzijua hadi zilipoanza kuibuliwa mwaka 2007. Kwa upande mwingine, Leica huwekwa jichoni, huwa ndogo na haina kelele nyingi. Henri Cartier-Bresson wa Ufaransa, aliyeichagua mapema katika miaka ya 1930, alizifunika sehemu zake zinazong'aa kwa utepe mweusi ili asitambulike haraka. Uchaguzi huo ulimpa tukio ambalo halijapangwa na mtu. Lakini ulimwachia pia deni la kimaadili, kwa kuwa aliyepigwa picha bila kujua hakupata fursa ya kukataa.

Deni hilo huwa zito zaidi zana inapoangukia mikononi mwa dola. Mwaka 1970, wafanyakazi wawili wa kampuni ya Polaroid nchini Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kuwa mfumo wa kampuni hiyo wa kutengeneza picha za vitambulisho ulikuwa ukitumika Afrika Kusini katika vitabu vya pasi, vile ambavyo Mwafrika alilazimika kuvibeba ili aruhusiwe kutembea katika nchi yake mwenyewe. Walianzisha vuguvugu la kuipinga biashara hiyo, na Hunter akafutwa kazi. Mwaka 1977 Polaroid ilijiondoa Afrika Kusini. Kamera ileile iliyosifiwa kwa kumpa mtu picha yake papo hapo ilikuwa pia ikimpa askari uwezo wa kumdhibiti papo hapo. Ni bayana, basi, kuwa wasifu wa kamera unaoishia kwenye ukali wa lenzi na kasi ya shata ni wasifu nusu.

Wapo watakaopinga kuwa mjadala huu umepitwa na wakati. Simu ya mkononi hupiga picha maelfu bila gharama ya filamu, nayo filamu na kuiosha ni ghali kwa mwanafunzi. Hoja hii ina uzito wake. Hata hivyo, filamu haijafa. Kodak ilipoomba hifadhi ya kufilisika mwezi Januari 2012 wengi waliimbia kanda buriani, lakini mwaka 2022 Leica iliirejesha kamera yake ya M6, na mwaka 2024 Pentax ikatoa kamera mpya ya filamu inayoligawa fremu moja mara mbili na kumpa mtumiaji picha 72. Bei ya filamu, kwa kweli, ndiyo mwalimu wake. Anayejua kuwa amebakisha picha tatu humtazama mtu kabla ya kubonyeza. Mwenye nafasi ya picha elfu tatu hubonyeza kwanza, na pengine asitazame kamwe.

Suala hili linawagusa kwa karibu wanafunzi wa fasihi simulizi. Mtafiti anayekwenda nyanjani kukusanya ngano, nyiso au mbolezi hukutana na fanani ambaye sura, mavazi na ishara zake ni sehemu ya utendaji. Mtafiti asiyekoma kubonyeza humgeuza fanani kuwa kioja, na hadhira kuwa mapambo. Mtafiti aliyejiwekea mpaka wa picha 12, hata kama anatumia simu, atasikiliza kwanza, ataomba ruhusa, atangoja ishara iliyobeba maana, na atakumbuka kumrudishia fanani nakala ya picha yake. Nidhamu ya filamu inaweza kuigwa hata pale filamu yenyewe isipopatikana.

Anayetaka kuanza hahitaji kuuza shamba ili anunue jina kubwa. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, ni mfano mwafaka. Shata yake hufanya kazi bila betri, kwani betri huhudumia kipima mwanga tu, na mwanagenzi hulazimika kuamua mwenyewe kasi, upenyo wa lenzi na umbali. Akae na kamera moja na lenzi moja kwa mwaka mzima, mpaka vidole vyake vijue njia bila kuongozwa na macho. Baada ya hapo macho yatakuwa huru kumwangalia mtu. Kamera itakayomwezesha kufika hapo, iwe kuukuu au mpya, ndiyo anayostahili kuiita kipenzi chake. Na anayefaa kuulizwa iwapo uchaguzi ulikuwa wa busara ni yule aliyesimama mbele ya lenzi: je, akiiona picha hiyo, atajitambua humo?