GOFU: NAULI NDIYO INAYOCHEZA

Kijiweni tukisikia gofu tunacheka. Tunasema ni mchezo wa vigogo wanaopunguza kitambi. Vijana wenzangu, hatujui kitu! Iko gofu ya walalahoi, na machungu yake si ya kusimuliwa.

Huko Marekani ipo ligi ya daraja la pili ya wachezaji wa kulipwa. Ilianza 1990 ikiitwa Ben Hogan Tour. Leo, baada ya kupita mikononi mwa wadhamini kadhaa, inaitwa Korn Ferry Tour. Msimu ule wa kwanza ulikuwa na mashindano 30, kila moja likiwa na zawadi za dola 100,000 za kugawana. Aliyeongoza, Jeff Maggert, alivuna dola 108,644 kwa mwaka mzima. Waliopanda daraja? Watu watano tu!

Sasa sikiliza utaratibu wao. Alhamisi wanaanza watu wapatao 150. Ijumaa jioni unapita mchujo, na zaidi ya nusu wanafungasha virago bila hata senti. Mshahara hakuna. Nauli, hoteli, chakula na ujira wa mbeba mfuko, vyote juu yao. Wiki inayofuata mji mwingine, gharama zile zile.

Uzuri wake ni mmoja: uwanjani hakuna mjomba. Mpira hauulizi wewe ni mtoto wa nani. Mmarekani Brooks Koepka alikwenda kusota kwenye daraja la pili la Ulaya, Challenge Tour, mwaka 2012. Mwaka 2013 akashinda mara tatu, akapandishwa hapo hapo kabla msimu haujaisha. Mwaka 2017 akatwaa US Open.

Lakini mjomba yuko wapi? Yuko kwenye nauli!

Tazameni majirani zetu. Kenya Open ilikuwa sehemu ya Challenge Tour tangu 1991 hadi 2018. Ngazi ya kwenda Ulaya ilikuwa imeegemezwa mlangoni. Mwaka 1998 Mkenya Jacob Okello alifika mpaka mashimo ya ziada, akazidiwa na Ricardo González wa Argentina. Nani atasema basi kwamba Mwafrika Mashariki hajui kupiga mpira?

Tatizo ni hesabu. Kupanda daraja kulitokana na fedha ulizovuna msimu mzima, nchi baada ya nchi. Mchezaji wetu alialikwa wiki moja, akapigiwa makofi, wageni wakapanda ndege kwenda shindano linalofuata, yeye akabaki kwenye geti la klabu. Unamshindanisha mtu wa wiki moja na mtu wa miezi kumi, halafu unasema hana kiwango? Huo ni uonevu!

Wadhamini wanapenda mabango na hema la wageni waalikwa. Sawa, wale. Lakini watenge fungu la msimu mzima kwa vijana wawili au watatu, wakiwemo wabeba mifuko wanaocheza vizuri kuliko mabosi wao. Wachaguliwe kwa matokeo ya uwanjani, yabandikwe hadharani, na hesabu zisomwe kila mwisho wa mwaka.

Wakishindwa baada ya hapo, tutanyamaza. Kabla ya hapo, asituambie mtu kwamba vijana hawawezi. Mtu hajapewa jembe, utamlaumuje kwa mavuno?