Usimkemee mwanao akiwaza ya angani

HEBU tuulizane. Wewe mzazi wa Ruring'u, ukimkuta mwanao amechora chombo cha angani kikitua juu ya Mlima Kenya, utafanyaje? Wengi wetu tutafoka: "Wacha upuzi, shika kitabu cha hesabu!"

Je, ni upuzi? Hasha! Mary Shelley wa Uingereza alikuwa na umri wa miaka 20 tu riwaya yake, Frankenstein, ilipochapishwa mwaka 1818. Wakati huo watu waliduwazwa na majaribio ya umeme. Yeye akabuni kisa cha msomi aliyeunda kiumbe hai kisha akakitoroka. Swali lake lilikuwa: elimu ikikosa utu, itatufikisha wapi? Hapo ndipo wengi huanzia wanapoeleza chimbuko la hadithi za kisayansi.

Lakini hata Wakikuyu walikuwa na Mugo wa Kibiru. Husimuliwa kuwa alitabiri wageni wenye mavazi kama mbawa za kipepeo, na nyoka wa chuma atemaye moto. Jomo Kenyatta aliuandika utabiri huo katika kitabu chake cha mwaka 1938. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Katikati ya ujenzi huo, mwaka 1898, H.G. Wells aliwatisha Waingereza kwa riwaya ya viumbe kutoka sayari ya Mirihi wanaovamia nchi yao kwa mashine za ajabu. Kwao ilikuwa hadithi. Kwetu, wavamizi walikuwa wamekwisha kuwasili!

Waandishi wetu nao hawakulala. Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini miaka ya 1980, alitoa riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani afie huko, kumbe anatua kwenye dunia isiyo na udhalimu. Jina lenyewe lisome polepole: wale ni sisi. Naye Wanuri Kahiu alitengeneza filamu ya Pumzi mwaka 2009, kuhusu ulimwengu uliokaushwa na vita vya maji. Sisi tunaoiona theluji ya mlima wetu ikipungua, tutacheka?

Basi mzazi, hesabu mtoto asiache. Lakini kaa naye, umuulize: chombo hiki kinamfaa nani, na kinaweza kumdhuru nani? Kisha umnunulie daftari aandike majibu. Asiyeiwazia kesho yake, atawaziwa na wengine.