Tuzo Si Ujira

Wapo wanaodai kuwa kazi ya jiji ni mitaro na takataka, muziki ujitegemee. Siafikiani nao hata kidogo.

Mlimani Park Orchestra ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1978. Mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji lenyewe. Wanamuziki wakawa waajiriwa wa shirika, wenye kazi kama wafanyakazi wengine. Mtindo wao waliuita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa jiji. Nao waliimba habari za ndoa, fedha na walimwengu.

Nimefundisha walimu miaka mingi. Mwalimu anayeishi kwa hisani hufundisha yanayompendeza mfadhili. Mwanamuziki naye, akikosa mshahara, huishia kutaja majina ya matajiri katikati ya wimbo ili atunzwe. Mtasema jiji nalo litataka sifa. Lakini mfuko wa umma ni wa wengi. Nani atajwe, nani aachwe?

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee. Hawakusema tuzo ndiyo ujira. Jiji linalotaka kuambiwa ukweli na limlipe anayeuimba.