Panya wa Morris na Wapiga Msuli wa Usiku

Mwaka 1981, Richard Morris wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, alijaza maji kwenye beseni kubwa la duara, akayatia maziwa, kisha akamtumbukiza panya. Chini kidogo ya maji hayo meupe kilijificha kibao cha kusimamia. Mwanzoni mnyama alihangaika huku na huko. Baada ya majaribio kadhaa alikata maji moja kwa moja hadi kwenye kibao, akijiongoza kwa vitu vilivyozunguka chumba.

Wapiga msuli wanaomeza vidonge vya amfetamini au kutafuna mirungi usiku wa kuamkia mtihani, wakiamini vitawasaidia kukumbuka, wangefaa kumtazama panya huyo.

Chembe ya ukweli wanayo. Amfetamini hufanya kemikali ya dopamini imwagike kwa wingi kati ya seli za ubongo, na kathinoni ya mirungi ni ndugu yake wa karibu. Mwaka 1994, Mark Packard, Larry Cahill na James McGaugh wa Marekani waliwafundisha panya kazi ya beseni, kisha wakawachoma amfetamini ubongoni mara tu somo lilipoisha. Waliochomwa kwenye hipokampasi, sehemu inayotunza ramani ya mahali, kesho yake walikikumbuka vizuri zaidi kibao kilichofichwa. Waliochomwa kwenye kiini cha kodati, sehemu nyingine ya ubongo, walifaidika pale tu kibao kilipowekewa alama ya kuonekana.

Hapo ndipo hoja ya kidonge inapopwaya. Dawa haikufundisha kitu. Ilikazia somo lililokwisha kuingia, tena kwa tone lililolengwa mahali pamoja. Anayemeza au kutafuna hana shabaha hiyo: dawa humwenea mwili mzima. Na kipimo kikizidi, panya huacha hata kutafuta njia. Hukwama kona moja, akinusanusa na kutikisa kichwa bila kukoma. Ukimtazama kwa mbali utadhani ana bidii.

Kuna hasara nyingine, na pengine ndiyo kubwa zaidi: kukosa usingizi. Mwaka huohuo wa 1994, Matthew Wilson na Bruce McNaughton walirekodi seli za hipokampasi za panya waliokuwa wakizungukia mahali fulani. Panya walipolala baadaye, seli zilizokuwa zimewaka pamoja ziliwaka pamoja tena, mithili ya mtu anayedurusu njia aliyopita mchana. Mwanafunzi aliyeshika stimu hadi alfajiri, vitabu vimemzunguka na macho makavu, huingia ukumbi wa mtihani bila durusu hiyo.