Atakayeahidi meli atuonyeshe hesabu

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma. Gavana wa Kivu Kusini alitaja abiria 278 na wafu 78. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, na familia zilizokimbia hazikuwa na njia nyingine ila ziwa.

Kila boti inapozama, neno ni lile lile: zijengwe meli mpya. Ni neno zuri. Lakini kiongozi atakayetuahidi meli tumuulize: ngapi, lini, na umehesabu namna gani?

Hesabu ya haraka hudanganya. Tuchukue mfano wa karakana yenye kazi tatu: kukata mabamba ya chuma, kuyachomelea, kuunganisha vipande. Kila kazi inamaliza kipande kimoja kwa siku. Mkubwa anaandika: siku 30, vipande 30. Lakini umeme ukikatika, mkataji anasimama, na mchomeleaji naye anangoja bila kazi. Siku hiyo hairudi tena.

Ndiyo maana viwanda vikubwa huijaribu kazi kwanza ndani ya kompyuta. Programu inaigiza ujenzi mara mamia, kila mara na mikosi yake: umeme kukatika, chuma kuchelewa, fundi kuugua. Haitoi tarehe moja ya kupigiwa makofi. Inaonyesha ni mara ngapi kati ya mia kazi iliisha kwa wakati, na inakwama wapi. Ikikwama kwenye kukata, kuongeza wachomeleaji kumi ni kutupa pesa. Meyer Werft ya Ujerumani, iliyojenga meli Liemba ya ziwa Tanganyika mwaka 1913, hutumia njia hii.

Msituambie hayo ni mambo ya Ulaya. Kwa karakana ndogo, kompyuta moja inatosha. Kinachohitajika zaidi ni daftari la ukweli: umeme ulikatika siku ngapi, chuma kilichelewa wiki ngapi. Ukiipa kompyuta uongo, itakurudishia uongo.

Meli isiyokuwepo haibebi mtu. Kama hesabu ya kweli inasema miaka mitatu, basi leo hii tunadai jaketi za kuokolea maisha, na boti zisijazwe kupita kiasi. Ahadi ya miezi sita ndiyo inayowaruhusu wakubwa kukaa bila kufanya hayo.

Ndugu wasikilizaji, mkitajiwa tarehe, daini hesabu yake.