Mchango usiishie mlangoni mwa chumba cha upasuaji

Fundi simu wetu wa Temeke alifanyiwa upasuaji wa miguu yote miwili. Ni rafiki wa siku nyingi wa wengi wetu hapa ofisini, na amezaliwa na mtindio wa ubongo. Wateja, ndugu na majirani walichanga, bili ya hospitali ikalipwa yote, akarudi nyumbani miguu ikiwa imefungwa hogo kuanzia mapajani hadi karibu na vidole. Siku hiyo kundi la WhatsApp la mchango lilijaa hongera na shukrani kwa Mungu. Baada ya wiki mbili likawa kimya. Wiki ya sita hogo likafunguliwa, gharama za kupona zikaanza, na mfuko ulikuwa mtupu.

Hatusemi haya ili kumlaumu mtu. Tunayasema kwa sababu tumeyaona zaidi ya mara moja, na kwa sababu yanarekebishika. Anayemchangia rafiki upasuaji kisha akaondoka amelipia nusu ya tiba. Nusu ya pili ndiyo ndefu zaidi, na ndiyo inayoamua kama ile ya kwanza itakuwa na faida.

Tuanze na hali yenyewe, maana wengi wanaisikia tu. Mtindio wa ubongo hauambukizi. Si laana, wala si adhabu ya kosa la mama. Ubongo wa mtoto hupata hitilafu kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Huenda mtoto alikosa hewa wakati wa uzazi mgumu, alizaliwa kabla ya siku zake, alipata manjano kali isiyotibiwa mapema, au aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mchanga. Mara nyingine chanzo hakijulikani kabisa.

Hitilafu ile haikui. Kinachobadilika ni mwili. Mifupa inarefuka, misuli iliyokaza inachelewa kuifuata, kano zinavuta. Kisigino kinanyanyuka, magoti yanakunjika, nyonga nayo inaweza kuanza kutoka mahali pake. Ndiyo maana mtu aliyekuwa akikimbia na wenzake akiwa na miaka 10 anaweza kufika miaka 25 akishindwa kupanda ngazi ya nyumba yao.

Upasuaji aliofanyiwa rafiki yetu hurefusha kano na kuipa miguu nafasi ya kunyooka. Ubongo hauguswi. Na ubongo ule ule umezoea kwa miaka mingi kuutembeza mguu uliopinda. Sasa umepewa mguu ulionyooka na lazima ujifunze upya: uzito uwekwe wapi, goti linyooke lini, hatua ianzie kisigino au vidole. Somo hilo linataka mwalimu na muda, na kurudia kitu kile kile kila siku hadi kikae. Kwa wengi huchukua mwaka mzima.

Siku hogo lilipokatwa tulikuwepo. Miguu ilitoka myembamba, ngozi imekauka na kubanduka magamba. Mtaalamu wa mazoezi tiba alimkalisha ukingoni mwa kitanda akamshusha nyayo chini. Mama yake akapiga magoti, akajaribu kupitisha kidole chini ya kisigino cha kulia. Hakikupita. Akajaribu cha kushoto, nacho hakikupita. Miaka yote ya utu uzima wa mwanawe, kidole kile kilikuwa kinapita. Mama alibaki pale chini, ameshika visigino vyote viwili, bila kusema neno.

Kisha fundi akaambiwa asimame, akashindwa. Wiki sita za hogo zilikuwa zimeidhoofisha misuli yake. Mtu aliyeingia hospitali akitembea, kwa shida lakini akitembea, sasa alihitaji watu wawili wa kumshika kwapani. Jirani aliyekuja kumwona jioni alisema kwa uchungu, "Jamani, mbona wamemharibu?" Kauli hiyo ilisambaa mtaani haraka, na wengi waliokuwa wanafikiria kuongeza kidogo waliona hakuna haja tena.

Hakuna aliyemharibu. Madaktari walikuwa wamemweleza tangu mwanzo kwamba atarudi nyuma kwanza ndipo aende mbele. Kosa letu, sisi marafiki, ni kwamba hatukuwaeleza waliochanga. Tuliwaambia anakwenda kufanyiwa upasuaji ili atembee vizuri, wakategemea kumwona akitembea vizuri. Yeyote anayeandaa mchango wa namna hii aanze kwa kusema ukweli wote: kisu ni siku moja, hogo ni wiki kadhaa, mazoezi ni miezi. Watu wakijua safari ilivyo ndefu hawakati tamaa njiani.

Sasa tuangalie hesabu. Mwenye miguu inayojifunza kusimama hawezi kugombania daladala saa moja asubuhi. Tuseme bajaji ni shilingi 12,000 kwenda na kurudi, na mazoezi ni mara mbili kwa wiki. Kwa wiki 26, yaani miezi sita, hizo ni safari 52 na shilingi 624,000 za nauli peke yake. Hapo hujalipia mazoezi yenyewe. Hujanunua vile vifaa vya plastiki vinavyofungwa kwenye ugoko na unyayo ili kisigino kisinyanyuke tena usiku, wala magongo. Kibanda cha fundi kimefungwa na kodi inadaiwa. Mama aliyekuwa akikaanga vitumbua alfajiri yuko nyumbani akimnyoosha mwanawe miguu, na wateja wa vitumbua wamehamia kwingine.

Mazoezi yakikosekana, misuli hukaza tena na kano huanza kuvuta upya. Fedha yote iliyochangwa kwa jasho inaweza kupotea kwa kukosa nauli ya bajaji.

Je, tatizo ni uchoyo? Hapana. Watanzania wanajua kuchangiana. Harusi ikitangazwa, kamati inaundwa wiki hiyo hiyo. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kuna kadi na ahadi, kuna vikao, na anayechelewa anakumbushwa kwa ujumbe mpaka alipe. Msiba ukitokea, turubai halijasimama vizuri daftari la rambirambi limeshafunguliwa, na vikundi vya kufa na kuzikana vinaleta fungu lao bila kuombwa mara mbili. Mifumo hii tumeijenga wenyewe, na inafanya kazi.

Tofauti ni kwamba harusi ina tarehe na maziko yana siku yake. Kupona hakuna tarehe, kwa hiyo hakuna kamati. Mgonjwa anayepona yuko kati ya furaha na msiba, mahali ambapo hatujaweka daftari. Tunapendekeza tuliweke.

Kwanza, ahadi za kupona ziwe ndogo na za kila mwezi. Watu 25 wakitoa shilingi 5,000 kila mwezi kwa miezi sita, zinapatikana shilingi 750,000. Nauli yote ya mfano wetu inalipwa na zinabaki 126,000 za vifaa. Elfu tano haimwangushi mtu mwenye kipato cha kawaida, na mweka hazina anayekumbusha ahadi za harusi anaweza kukumbusha hizi pia. Kutoa ni moyo, lakini moyo nao unahitaji ratiba.

Pili, tuchange na visivyo fedha. Dereva wa bajaji wa mtaani anaweza kutoa safari moja kwa wiki. Jirani anaweza kukaa na mgonjwa asubuhi mbili ili mama akakaange vitumbua vyake. Kijana mwenye pikipiki anaweza kupeleka simu mbovu za wateja nyumbani kwa fundi na kuzirudisha zikiwa zimepona. Hilo la mwisho lilifanyika kwa rafiki yetu, na lilimsaidia kuliko bahasha nyingi, kwa sababu mikono yake haikuwa na hogo.

Tatu, hesabu ziwe wazi. Simu zetu zimejaa ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wapo wanaoiba picha za wagonjwa wa kweli kuchangisha fedha za uongo. Mwenye shaka asilaumiwe. Mwandaaji atangaze namba moja tu na jina litakalotokea kwenye simu kabla ya mtu kuweka namba ya siri. Bili za hospitali zilipwe moja kwa moja hospitalini kwa kumbukumbu namba ya malipo, na risiti iwekwe kundini siku hiyo hiyo. Watu wawili washike hesabu, na kila mwisho wa mwezi waliochanga wajue kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Wakiona risiti ya bajaji ya wiki jana, hawatasita kutoa kwa ajili ya wiki ijayo.

Nne, na hili ni zito kuliko yote, mwenye miguu asikilizwe. Fundi wetu anaongea taratibu, na maneno mengine humtoka kwa shida. Akili yake haina kasoro, na simu nyingi zilizowashinda mafundi wengine zimepona mikononi mwake. Lakini mgeni mmoja aliingia akamkuta ameketi, akamgeukia mama: "Anakula vizuri?" Mama akajibu kwa upole, "Muulize mwenyewe, dada'angu."

Tulipoandika upya ombi la mchango wa mazoezi, tulimpa asome kwanza. Alifuta neno "anateseka". Alifuta picha aliyopigwa akiwa amelala wodini, akaweka nyingine aliyoshika bisibisi kibandani kwake. Kisha akaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, sentensi ya kwanza: "Najifunza kutembea upya, nahitaji nauli." Ombi hilo lilileta zaidi ya lile la mwanzo tulilolijaza huzuni. Usimvue mtu heshima yake ili wengine wamwonee huruma. Taja kiasi kinachohitajika na kazi ya fedha hizo, muulize mwenyewe kama ameridhika na maneno na picha, ndipo utume.

Wapo watakaosema kuchangishana huku kunaipa serikali nafasi ya kupumzika. Wana hoja, na hatutaki mchango wa marafiki ugeuke sera ya afya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, una kifungu kizima, cha 26, kuhusu utengemao, yaani kumsaidia mtu kufikia na kutunza uwezo wa kujitegemea. Mwaka 2010 tukatunga Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2023 ikaja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tunataka utekelezaji wake uhesabu mazoezi tiba na vifaa saidizi kuwa sehemu ya upasuaji, si anasa inayofuata baadaye. Hakuna maana ya kulipia kisu na kuacha hatua.

Uwezo wa kuanzia tunao. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili na hospitali ya CCBRT. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia mwili. Kinachokosekana ni kuisogeza huduma karibu na nyumba. Mtaalamu wa mazoezi tiba akiwepo kwenye kituo cha afya cha kata, zile safari 52 zinakuwa fupi, na nauli inageuka chakula. Halmashauri nazo hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ikiwa ya watu wenye ulemavu. Maofisa maendeleo ya jamii wawafuate mafundi kama huyu majumbani, wasisubiri wapande ngazi za ofisi.

Na tuwakumbuke watu wazima. Kila tarehe 6 Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Mtindio wa Ubongo, na picha nyingi za siku hiyo huwa za watoto. Ni vema. Lakini watoto hao wanakua, wanapanga vibanda, wanalipa kodi na wanatunza wazazi. Mahitaji ya miili yao hayaishii siku wanayotimiza miaka 18.

Hata hivyo bajeti ya serikali ina mwaka wake wa fedha, na misuli ya mtu aliyetoka kwenye hogo haiwezi kuusubiri. Kwa hiyo tuidai serikali, na huku tukiidai tuendelee kulipa bajaji.

Rafiki yetu sasa anatoka kitandani hadi mlangoni kwa magongo, visigino vikigusa chini kila hatua. Kibanda chake kiko mbali kidogo na mlango huo. Kama nawe una rafiki aliyetoka hospitali mwezi huu na kundi lenu la mchango limenyamaza, usilifunge. Andika humo swali moja leo: mazoezi yanayofuata ni lini, na nani anampeleka?