Jino la Mtoto Likilegea Kabla ya Zamu Yake

Mtoto akifika miaka sita hivi meno ya utotoni huanza kulegea. Nyumbani huwa ni kicheko: uzi unafungwa, jino linang'olewa, linatupwa juu ya paa, yamekwisha. Mazoea hayo ndiyo huupa maficho ugonjwa mmoja mbaya, kwani huwapata zaidi watoto wa umri huo huo, na mara nyingi dalili yake ya kwanza ni jino kulegea.

Ni saratani ya Burkitt. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, wa hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya la juu na la chini, pande zote. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka hospitali za Afrika Mashariki hadi kusini, mwendo wa maili 10,000, wakiulizia uvimbe huo. Nyanda za baridi haukuwako. Sehemu za joto na mvua, pwani yetu ikiwemo, ulijulikana vizuri.

Mwaka 1964, London, Epstein, Achong na Barr waliona virusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Virusi hivyo, vinavyoitwa Epstein-Barr, hupita kwa mate na karibu kila mtu anavyo. Kwa hiyo tusimlaumu nyanya aliyemtafunia mjukuu chakula! Peke yake virusi hivi huwa havina neno. Shida huja malaria inapomrudia mtoto tena na tena: chembechembe nyeupe za damu ambamo virusi vimejificha hulazimika kuzaana mno, ulinzi wa mwili unachoka, na siku moja chembe moja inakosea na kuwa saratani.

Chukua Junju, kusini mwa mji wa Kilifi. Watafiti wa KEMRI wamewafuata watoto wa huko kwa miaka mingi, wakiwapima homa kila wiki, na wameona malaria ikiendelea kuwarudia hata ilipopungua mno Ngerenya, kaskazini mwa mji huo huo. Mtoto wako wa mjini akienda huko likizo ya Desemba akaumwa mara moja, usikose usingizi. Anayeishi katika homa za kila msimu ndiye wa kuangaliwa, na chandarua chake kina kazi kubwa kuliko tunavyodhani.

Basi utatofautishaje? Jino la kawaida hulegea kwa zamu, la mbele kwanza, na ufizi hauvimbi. Uvimbe wa Burkitt hula mfupa unaoshika meno, hivyo magego hulegea kabla ya wakati, mawili matatu pamoja, na shavu huvimba, mara nyingi bila maumivu. Kwa wengine hutokea jichoni au tumboni. Chembe zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kusubiri mwisho wa mwezi ni hatari.

Tiba ipo. Ni dawa za kudungwa wala si kukata taya, na watoto wengi wanaoanza mapema na kumaliza dozi zote hupona. Ukifika hospitalini, omba taya lipigwe picha ya eksirei kabla jino halijang'olewa, na uulize kama kipande cha uvimbe kitapelekwa maabara.